Mruko Alioukana Darla Novotny

Saa tatu kasorobo asubuhi. Darla Novotny anapanda ukuta mfupi wa mawe, anageuka nyuma, anaruka, anatua. Anatia alama ya kalamu kwenye karatasi, kisha anaupanda ukuta uleule.

Yote hayo anayafanya akiwa amekaa kwenye kiti, soksi za sufu miguuni, buti zake zikichuruzika theluji mlangoni pamoja na za wenzake kumi na wanane. Anayeruka hasa ni Odalys, muuguzi mwenye koti la njano, mmoja wa mashujaa arobaini na watatu wa mchezo wa kompyuta uitwao Kikosi cha Mto. Tangu Jumatatu Odalys ameuruka ukuta huo mara mia mbili na kumi na mbili. Leo ni Jumatano.

"Huu umezidi," anasema Darla, macho kwenye skrini. "Mgonjwa mwenyewe alikuwa na mchubuko tu. Kwa mchubuko huwezi kupaa hivyo."

"Hesabu ni zako, mama," anajibu Pheng Vang, mwandishi wa programu aliyevuta kiti na kukaa pembeni yake. "Mimi nimenakili tu. Ukitaka kugomba, gombana na daftari lako."

"Nimegombana nalo miaka kumi na mitano. Punguza."

Pheng anacheka, anagonga vitufe viwili vitatu, anapunguza. Darla anapanda ukuta.

Kazi ya mama huyu mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja ni kujaribu michezo kabla haijatoka. Anatafuta kasoro, anaziandikia ripoti, na wenye kuandika programu wanazirekebisha. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani analipwa kucheza.

"Shemeji yangu huniuliza kila Krismasi kama nimepata kazi," anasema. "Namwambia, chukua mlango mmoja, ufungue na kuufunga mara mia nane, halafu uniandikie bawaba imelia mara ngapi. Hapo utakuwa umecheza kama ninavyocheza mimi."

Lakini mruko huu si kasoro anayotaka kuiondoa. Ni kasoro anayohangaika kuirudisha. Na ili irudi, ilimbidi Darla akiri kwamba aliwahi kuikana kwa maandishi, na kwamba maandishi hayo yalichangia kumpotezea kazi mtu asiye na kosa. Mtu huyo yu hai, anakaa mwendo wa dakika arobaini kutoka hapa, na bado kuna jambo moja anamdai.

Kampuni ya Lantern Bluff iko La Crosse, Wisconsin, ghorofa ya pili ya jengo ambamo zamani vilishonwa viatu vya mpira. Kikosi cha Mto kilizaliwa humo mwaka 2011. Toleo la kwanza lilikuwa jambo rahisi: watu sita dhidi ya watu sita, kila mmoja akichagua shujaa mwenye uwezo wake. Kuna mwenye ngao, kuna mdunguaji, kuna mtega mabomu, kuna muuguzi. Timu moja inasindikiza tishari la mizigo mtoni, nyingine inalizuia. Mashujaa walikuwa kumi na wawili, na mchezo uliuzwa kwenye kasha kwa dola sitini.

Tatizo lilikuwa muuguzi. Hakuna aliyemtaka. Kila mechi ilianza kwa watu sita kubishana nani abebe dawa, na aliyeshindwa kubisha ndiye aliyevaa koti la njano. Odalys hakuwa na silaha ya maana, alikimbia polepole, na adui yeyote mwenye akili alimtafuta yeye kwanza.

Darla aliingia kampuni akitokea nyumba ya kutunzia wazee huko Onalaska, alikofanya kazi miaka tisa hadi mgongo ulipokataa. Alianza kwa dola kumi na moja kwa saa. Wenzake walipojua alikotoka, hawakusubiri.

"Wakasema, haya, huyu ameshawahi kuuguza, apewe Odalys," anakumbuka. "Kwa hiyo miezi saba mimi ni muuguzi. Asubuhi nakufa, mchana nakufa. Nakufa nikiwa nimemwinamia mtu ambaye hata asante hasemi."

Machi ya mwaka huo, mjaribu mmoja wa mkataba aitwaye Leland Prochaska, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye maneno machache, aliandika ripoti ya ajabu. Alisema kwamba Odalys akiruka kutoka ukuta wa mawe, akageuka kumtibu mwenzake aliye nyuma kabla miguu haijagusa ardhi, mara nyingine hatui chini. Hurushwa juu tena, hadi kwenye paa la nyumba ya pampu, mahali ambapo hakuna anayepaswa kufika. Leland aliiona mara mbili. Hakuweza kueleza jinsi ya kuifanya kila mara.

Kanuni ya wajaribu ni moja duniani kote: kasoro iliyoonwa na mtu mmoja lazima irudiwe na mtu wa pili, ndipo ipelekwe kurekebishwa. Ripoti ya Leland alipewa Darla.

Aliirudia siku ya tatu. Kisha akakaa nayo wiki nzima. Kompyuta za wajaribu huonyesha vipimo ambavyo mchezaji wa nyumbani havioni kamwe, na Darla alivitumia vyote. Akagundua siri yake: kadiri anayetibiwa alivyo hoi, ndivyo muuguzi anavyopaa. Mwenye damu nusu anakupandisha kimo cha mlango. Mwenye damu ya mwisho anakufikisha paani. Alijaza kurasa arobaini na moja za daftari lake mwenyewe, kila ukurasa na tarehe yake juu.

Halafu akafungua ripoti ya Leland, akaandika maneno mawili: "Haiwezi kurudiwa."

"Nilikuwa nimechoka kufa wa kwanza," anasema sasa, akiisogeza chai iliyokwisha kupoa. "Nilijua nikithibitisha wataiziba kabla ya chakula cha mchana. Na kilikuwa kitu kizuri, jamani. Mara moja tu, aliyebeba dawa alikuwa anapaa."

Leland alikuwa na ripoti nyingine tatu ambazo hazikuthibitishwa mwezi ule. Hii ikawa ya nne. Mkataba wake ulipokwisha mwezi Juni, haukuongezwa.

"Alikuja mezani kuniaga," anasema Darla. "Alinishukuru kwa kujaribu kuirudia ripoti yake. Alinishukuru! Nikamwambia, haya, kila la heri."

Septemba mchezo ukatoka, na kabla ya miezi miwili kuisha wachezaji wakaugundua mruko. Mambo yakabadilika. Watu waliokuwa wakibishana nani asiwe muuguzi wakaanza kubishana nani awe. Mashindano yakaanzishwa Milwaukee, Toronto, Monterrey, na wauguzi wakawa na mashabiki waliovaa makoti ya njano ukumbini. Lantern Bluff, kama kampuni yoyote yenye akili, ikanyamaza na kuuita ubunifu.

Mwaka 2017 likaja toleo la pili, na hapo ndipo wazee wa mchezo tulipong'aka. Sita wakawa watano. Mwenye ngao mmoja akaondolewa kila timu. Kasha la dola sitini likafa, mchezo ukawa wa bure, na kampuni ikaanza kuuza mavazi ya mashujaa. Mwandishi wa makala haya alisusa miezi miwili, kisha akanunua kofia ya dola nne kumvisha shujaa asiye na masikio. Hata hivyo mruko ulibaki. Ulikuwa umejificha ndani ya injini ya kukodi, yaani programu ya msingi inayouendesha mchezo, ambayo kampuni iliijengea juu lakini haikuruhusiwa kuifungua.

Toleo la tatu, linalosubiriwa Septemba hii, limerudisha timu za watu sita na limejengwa upya kuanzia msingi, kwa injini ya kampuni yenyewe. Mkataba wa ile ya kukodi umekwisha. Oktoba iliyopita milango ilifunguliwa kwa siku tatu, umma ujaribu. Wauguzi wakapanda ukuta, wakageuka, wakaruka. Wakaanguka kifudifudi.

"Kufikia Jumapili tulikuwa na malalamiko elfu tisa," anasema Pheng. "Mama yangu mwenyewe alinipigia simu. Mama yangu anacheza kama muuguzi, ana miaka sitini na mitatu. Akaniuliza, 'Wewe mtoto, mmemfanya nini Odalys?' Nikamwambia, mama, hatujui."

Pheng alijaribu wiki saba kuuiga kwa kutazama video za zamani. Aliupata mruko, ila haukuwa wenyewe. Video haionyeshi vipimo, na vidole vya watu walioufanya miaka kumi na minne havidanganyiki. Wachezaji wa zamani walioitwa kuujaribu walisema Odalys anaruka kama mbuzi aliyeshtuliwa. Mkurugenzi wa kampuni, Joanne Skaar, akaweka siku: usipopatikana katikati ya Januari, unaachwa, na Odalys anapewa viatu vya kurukia kama mashujaa wengine watatu walivyo navyo.

Wakati huo wote vipimo vilikuwa kwenye droo ya jikoni kwa Darla, chini ya vitambaa vya kushikia sufuria.

Hapa ndipo penye ugumu. Miaka kumi na mmoja Darla ndiye aliyekuwa mkuu wa wajaribu, na kati ya wenzake aliitwa Hakimu. Aliyeandika "karibu saa nne" alirudishiwa ripoti yake aseme ni saa nne na dakika ngapi. Aliyeandika "nadhani" aliulizwa nani alimwomba adhani. Daftari lenye tarehe za wiki ileile aliyoandika "haiwezi kurudiwa" lilikuwa ushahidi kamili, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Nitakwambia ukweli," anasema. "Usiku ule Joanne alipoweka siku, nilianza kunakili. Tarakimu tu, bila tarehe, kwenye karatasi mpya. Ningesema nimekaa nimezitafuta kutoka kwenye video. Nani angejua? Nikanakili kurasa nne."

Kesho yake alimrudishia mjaribu mpya ripoti isiyo na tarehe. "Nikamwambia, dada, kitu kisicho na tarehe hakijatokea. Nikajisikia nikisema. Nikaenda msalani nikakaa huko robo saa."

Siku iliyofuata alimkuta Pheng kwenye jiko la ofisi, akipasha moto wali na soseji za mama yake.

"Una dakika?"

"Kama ni habari za mruko, sina hata sekunde."

"Ni za mruko." Akaweka daftari mezani.

Pheng anasema alifungua ukurasa wa kwanza akataka kumkumbatia, akafungua wa pili akaacha kutafuna. "Darla. Hizi tarehe."

"Ni za kweli."

"Lakini ripoti inasema haikurudiwa."

"Ripoti niliifunga mimi. Nilisema uongo."

"Wewe?" Pheng alipaza sauti hadi watu wakageuka. "Wewe uliyenirudishia ripoti mara tano kwa ajili ya nukta?"

Kisha, na hili Pheng analisimulia kwa aibu kidogo, alilifunga daftari na kulisukuma chini ya mkono wake. "Nikamwambia, niachie mimi. Nitasema nimezikokotoa mwenyewe. Nani ataumia? Akanyoosha mkono akanyang'anya daftari lake, akaelekea ofisini kwa Joanne. Wali wangu ukapoa."

Joanne Skaar hakupiga kelele. "Afadhali angepiga," anasema Darla. Alisoma kurasa zote arobaini na moja, akauliza maswali matatu, akaomba siku mbili. Ijumaa akamwita. Darla hatafukuzwa, lakini mjaribu aliyeghushi ripoti hawezi kuwaongoza wajaribu. Mshahara ukashuka kutoka dola thelathini na nne kwa saa hadi ishirini na saba, na meza yake ikahamishiwa dirishani, pamoja na wageni. Siku hizi anaitwa Hakimu Mstaafu. Anasema jina linamfaa.

Alipoulizwa na gazeti hili kama adhabu ilikuwa kubwa mno au ndogo mno, Joanne alifikiri kwanza. "Mchezo huu wote umesimama juu ya uongo wa Darla," alisema. "Tungefanyaje? Ningempa zawadi ningekosea, ningemfukuza ningekosea. Nikachagua kosa ambalo ningeweza kulala nalo."

Lakini Darla mwenyewe hakuwa akiwaza meza wala mshahara. Alikuwa akimwaza Leland.

Hakuwa mgumu kupatikana. Leland Prochaska, sasa ana miaka thelathini na tisa, ni mkaguzi katika kiwanda kidogo cha jibini huko Westby. Anagonga mabonge ya jibini yaliyo duara kama gurudumu kwa nyundo ndogo, anasikiliza, anatoboa, anaonja, na kuandika alichokiona. Jumamosi moja ya Februari Darla aliendesha gari hadi kwake. Mke wa Leland, Carleen, alimkaribisha kahawa na biskuti za shayiri, akidhani ni rafiki wa zamani.

"Sikusema nililojia hadi biskuti ya pili," anasema Darla. Leland, ambaye alikubali kuzungumza na gazeti hili kwa simu, anakumbuka maneno yaleyale.

"Leland, ule mruko uliouandika. Uliuona kweli. Niliurudia siku ya tatu."

Carleen akaweka birika chini.

"Mara ngapi?" akauliza Leland.

"Mara sitini na nne."

"Sitini na nne." Akaangalia viganja vyake. "Unajua nilikwenda kupimwa macho?"

"Nini?"

"Baada ya kuachishwa. Nilimlipa daktari kwa pesa yangu ya mwisho anipime macho. Akaniambia hayana hata dosari. Nikatoka pale nimeogopa zaidi, maana kama si macho, basi ni kichwa."

Darla anasema alitaka ardhi impasukie. Mchezo ulipotoka na dunia nzima ikauona mruko, Leland hakujua. Alikuwa ameapa kutogusa tena mchezo wowote, na watoto wake wanacheza mpira wa magongo.

"Hadi leo nikiona ufa kwenye jibini, namwita mwenzangu autazame," Leland aliliambia gazeti hili. "Wanadhani ni umakini. Wamenipa cheti cha umakini, kipo ukutani."

"Hata taa za barabarani," sauti ya Carleen ilisikika nyuma yake. "Huniuliza kama ni ya kijani kweli. Miaka yote nilidhani ananitania."

Darla aliomba radhi. Kisha akatoa alichokuwa amekiandaa njiani: angemwomba Joanne jina la Leland liwekwe kwenye orodha ya waliotengeneza mchezo, ile inayopita mwishoni.

"Likafanye nini huko?" Leland alimjibu. "Lipite mbio huku watu wakitafuta kitufe cha kuliruka? Hapana, dada. Mimi nataka ripoti yangu. Ile ile. Ifungue, andika ukweli."

Ombi hilo halikuwa dogo kama linavyosikika. Ripoti za toleo la kwanza zimelala kwenye kompyuta kuukuu chini ya ngazi, na kanuni ya kampuni hairuhusu ripoti iliyofungwa zaidi ya miaka kumi kuguswa. Ripoti za zamani zikianza kubadilishwa, hakuna atakayeziamini. Hakimu mwenyewe ndiye aliyeitunga kanuni hiyo. Joanne alisitasita mwezi mzima. Juzi Jumatatu alisaini ruhusa, kwa ripoti moja tu, kwa mara moja tu.

Saa saba mchana, wengine wakila, Darla na Pheng wanaiburuta ile kompyuta hadi mezani. Pheng anaifuta vumbi kwa mkono wa sweta. Inachukua dakika sita kuwaka, na mara mbili inatoa mlio ambao Pheng anasema haukumfurahisha. Ripoti inafunguka: maelezo ya Leland mistari kumi na mmoja, na chini yake yale maneno mawili ya Darla.

Anayafuta. Anachagua "Imethibitishwa." Kompyuta inamtaka aeleze sababu ya mabadiliko. Darla anaandika polepole, kwa vidole viwili, ingawa anaweza kuandika kwa kumi.

"Leland Prochaska aliona sawasawa. Mimi, Darla Novotny, niliirudia mara sitini na nne kati ya tarehe 16 na 22 Machi 2011, nikaandika kwamba haiwezi kurudiwa. Nilidanganya. Macho yake hayakuwa na kosa."

"Hiyo ya macho si lugha ya ripoti," anasema Pheng, kwa sauti ya chini.

"Iache."

Anabonyeza. Kama ilivyofundishwa zamani, kompyuta inajaribu kumtumia taarifa mwenye ripoti, na papo hapo inarudisha jibu kwamba anwani hiyo haipo. Leland alifutwa kwenye orodha ya wafanyakazi Juni ile ile. Darla anaipeleka ripoti kwenye printa, anaikunja mara moja, na kuitia ndani ya bahasha.

Mruko wenyewe umebakiza marekebisho madogo. Pheng anaamini utakuwa tayari kabla ya theluji kuisha, na mama yake ameshaahidiwa kuwa wa kwanza kuujaribu. Darla anapanga kubaki kazini hadi mchezo utoke, halafu aone kama mgongo na moyo vinamruhusu kuendelea.

Lakini mpango wake wa karibu ni Jumamosi hii. Atakwenda Westby tena, na safari hii hakuna biskuti aliyoahidiwa.

"Sitaiacha kwenye sanduku la barua," anasema, mkono juu ya bahasha. "Nitasimama pale mlangoni hadi afike mstari wa mwisho. Akitaka kunifukuza, anifukuze akiwa ameshaisoma."